Ndimi za Konsatina ya Mzee Enoch

Mbavu ninazo, moyo sina. Ndimi ninazo tele, jino sina hata moja. Usiponibana, sisemi.

Thirza Raistrick alikijua kitendawili hicho tangu utotoni, na jibu lake alikuwa amelipakata: konsatina ya Mzee Enoch Alderson, kisanduku cha pembe sita chenye mvukuto wa ngozi katikati na vifungo vya mfupa huku na huku. Ndani yake, mahali mtu haoni, zimepangwa ndimi nyembamba za shaba. Upepo wa mvukuto ukipita, kila ulimi unatoa sauti yake. Miaka yote kitendawili kile kilimchekesha. Sasa Krismasi ilikuwa inabisha hodi, naye amekaa jikoni na kile kisanduku kama mtu aliyepakata mtoto wa jirani aliyemwangusha, hajui amwambie nini mama yake.

Konsatina ile ilikuwa ya baba yake Enoch. Arkenby ni kijiji cha mawe na kondoo, bondeni huko Yorkshire, na zamani hizo hapakuwa na piano wala kitu kingine cha kumwonyesha mpigaji kama sauti yake iko juu au chini. Kilichokuwepo ni kengele ndogo ya kanisa, ile inayoning'inia juu ya paa katika kijumba chake cha mawe, mvua inainyeshea na kunguru wanaichungulia. Basi baba yule alikaa na tupa yake, akazikwangua ndimi mpaka zikapatana na kengele. Tangu hapo ikawa desturi. Siku ya pili ya Krismasi wanaume sita wa ngoma ya panga wanasimama uwanjani mbele ya kanisa. Kengele inagongwa mara moja, na kabla mlio haujafa konsatina inaudaka, sauti ileile, kama mtoto anayepokea mzigo kutoka kichwani kwa mama yake. Ngoma inaanzia hapo hapo. Mgeni anaweza asione ajabu yoyote. Mtu wa Arkenby nywele zinamsimama.

Enoch aliipiga mpaka vidole vikamkatalia. Miguu nayo ilipomwacha, akahamia nyumba ya wazee ng'ambo ya kilima. Mtoto hakuwa naye. Konsatina akampa Thirza, jirani yake, ambaye mzee mwenyewe alimfundisha kupiga tangu binti huyo akiwa na mapengo mdomoni, na ambaye siku hizi alikuwa akitengeneza konsatina za watu katika kichumba nyuma ya jiko lake.

"Mvukuto ukitoboka, ziba," alimwambia siku ile. "Ngozi ikioza, badilisha. Kifungo kikipotea, weka hata cha koti. Ndimi usiguse."

"Nitazigusaje, Mzee? Nina wazimu?"

"Sijasema una wazimu. Nimesema una tupa."

Wakacheka wote wawili.

Halafu, mwaka huohuo, majira ya machipuko, akaja Bi Cordelia Fanshawe kutoka mjini, na viatu safi mpaka kondoo wakamgeuzia shingo. Alikuwa anaandaa tamasha la siku ya Mtakatifu George, msimamizi wa Uingereza.

"Waskoti wana zumari lao la mfuko," alisema, amekaa hapo hapo jikoni kwa Thirza na kikombe cha chai. "Wawelishi wana kinubi. Waairishi kinubi chao kiko mpaka kwenye sarafu. Sisi Waingereza tuna nini, Bi Raistrick? Tukiulizwa ala yetu ni ipi, tuonyeshe nini? Kijiko na sahani?"

"Kuna watu wanapiga vijiko vizuri sana," Thirza akasema.

"Tunataka hii! Konsatina ya Kiingereza, ya ngoma ya Kiingereza, ya kijiji cha Kiingereza. Wewe jukwaani, mbele, na bendi ya matarumbeta nyuma yako. Sauti ya Uingereza!"

Thirza alizipeleka habari hizo kwa Enoch. Mzee alicheka hadi kikohozi kikampata.

"Uingereza ni kubwa mno, mwanangu, haienei humu. Humu panaenea Arkenby peke yake, tena kwa kubanana." Akajifuta machozi kwa kitambaa. "Lakini nenda. Nenda kapige, watu wakusikie. Maisha yako yote umewapakulia watoto wa shule viazi, hakuna aliyekuuliza jina."

Na hayo ndiyo maneno yaliyokuja kumchoma baadaye. Kwenda alipewa ruhusa. Kwenda hakukuwa kosa.

Kosa lilianza kwenye mazoezi. Matarumbeta yote yamepatana na sauti ya siku hizi, nayo iko chini kidogo ya kengele ya Arkenby. Thirza alipobana mvukuto, wanabendi wakakunja nyuso kama watu waliong'ata ndimu.

"Mama, hicho chombo chako kina mafua?" akauliza mmoja wao, jitu lenye mashavu mekundu. Wakaangua kicheko.

Bi Fanshawe akamshika Thirza begani. "Haiwezi kurekebishwa kidogo tu?"

Angeweza kusema hapana. Angeweza kuleta konsatina nyingine. Rafuni kwake zilikuwepo zilizopatana na bendi bila ugomvi. Lakini gazeti lilikuwa limeahidiwa konsatina ya kale ya Arkenby, na mpigaji wake. Na Thirza, tuseme ukweli, alitaka kuonekana. Mwanamke aliyesimama nyuma ya masufuria tangu ujana alikuwa ameitwa mbele, na aliona akikataa hataitwa tena.

Alifanya kazi hiyo mchana kweupe, birika likichemka na redio ikiongea. Ukitaka kuishusha sauti ya ulimi wa shaba, unaupiga tupa kwenye shina lake, kidogo kidogo, unasikiliza, unakwangua tena. Alijiambia: baba yake Enoch naye si alikwangua? Kwani tupa yake ilikuwa ya dhahabu? Unga wa shaba ukamwagika mapajani mwake. Alipomaliza, konsatina ilikubaliana na bendi vizuri kabisa. Akasimama, akaenda mlangoni, akaikung'uta aproni. Kuku wakaja mbio wakidhani ni chakula.

Siku ya tamasha kulikuwa na bendera nyeupe zenye msalaba mwekundu kila mahali, na hotuba ndefu juu ya sisi ni nani. Kisha matarumbeta yakapiga. Yalipiga kwa nguvu mpaka Thirza mwenyewe hakuisikia konsatina yake. Kwenye picha ya gazeti ulionekana mkono wake mmoja, na tarumbeta kubwa limeziba uso.

Akarudi Arkenby, akaketi, akaibana taratibu ile sauti ya kengele. Ilitoka nzuri, safi, ya mtu mwingine.

Majira ya joto yote alijidanganya kwamba tofauti ni ndogo. Majani yalipoanza kudondoka akashika tupa tena, ili apandishe alichoshusha. Sasa, kupandisha kunataka ukwangue ncha, na ulimi uliokwisha kukonda kwenye shina ukiukondesha na kwenye ncha unabaki kama ganda la kitunguu. Alianza na ule muhimu kuliko yote, wa sauti ya kengele. Ulikatika. Haukupiga hata kelele. Ilimbidi achukue ulimi wa konsatina moja mbovu, wa sauti ya siku hizi, aupachike pale, na ndimi zile nyingine hakuthubutu kuzigusa.

Kila Jumapili alikuwa akienda kumwona Enoch. Zamani alikwenda na konsatina akampigia. Tangu tamasha lile alikwenda mikono mitupu, na sababu haikukosekana: mara mkanda umekatika, mara ngozi inakauka.

"Ngozi gani hiyo haikauki?" Enoch aliuliza Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi. "Umeianika chini ya bahari?"

"Nataka iwe tayari kwa ngoma, Mzee."

"Eh, ngoma! Wananileta. Nimewaambia wauguzi, wasiponileta nitakufa kwa makusudi, wapate kazi ya kuandika." Akasogea mbele kwenye kiti chake cha magurudumu, macho yanameta. "Kitendawili!"

"Tega."

"Mama yangu yuko juu, hashuki. Akiniita mara moja, naitika papo hapo."

Jibu Thirza alikuwa nalo. "Nimeshindwa."

"Umeshindwa? Wewe? Nipe mji!"

"Chukua London."

"London sitaki. Nilifika mara moja, wakanikanyaga, na hakuna aliyeomba radhi. Ongeza."

"Chukua Leeds."

"Leeds mpe mtu mwenye haraka."

"Chukua Arkenby."

"Hapo sasa. Nimeenda Arkenby, nimekula, nimelala, nimerudi." Akapiga paja. "Kengele na konsatina, mwanangu! Unazeeka kabla yangu."

Thirza akacheka. Alicheka sana, na njiani kurudi alisimamisha gari pembeni, kwa sababu barabara ilikuwa haionekani.

Hakumwambia. Badala yake siku iliyofuata alimtafuta Garth Iveson, mfugaji wa kondoo, kiongozi wa ngoma ya panga, ambaye pia ndiye mwenye ufunguo wa kanisa.

"Garth, ile kamba ya kengele nimeitazama. Imelika."

"Imelika? Mbona juzi nimeivuta?"

"Imelika kwa juu, kule isikoonekana. Ukiivuta siku ya watu, itakatika ikuachie kengele utosini."

Garth akajikuna kidevu. "Basi haya, dada. Macho yako ndiyo yanayoona vitu vidogo. Mwaka huu tutaanza na konsatina peke yake. Lakini Mzee atanuna."

"Niachie mimi Mzee."

Chakula cha Krismasi kilimshinda. Aliwapakulia wengine bata na viazi, yeye akazungusha uma.

Siku ya pili kulikucha na manyunyu. Watu walijaa uwanjani, makoti yamefungwa hadi puani, na juu ya ukuta wa kanisa wanawake wamepanga jibini na keki ya zabibu, na pai za nguruwe. Wanaume sita walisimama na panga zao butu, wakipuliza vidole. Gari la nyumba ya wazee likafika, na Enoch akateremshwa, blanketi magotini, kofia imemfunika masikio. Kitu cha kwanza, akaivua ile kofia.

"Mzee, utapata baridi!"

"Nimekuja kusikia, sikuja kupata joto." Akainua uso kuelekea paa. "Haya, Garth. Ita."

Garth akajikohoza. "Mwaka huu hakuna kengele, Mzee. Kamba imelika. Thirza ndiye kaiona."

Thirza aliangalia viatu vyake. Alisikia Enoch akivuta pumzi.

"Kamba imelika," mzee akarudia. "Na kengele nayo imelika?"

"Hapana, kengele nzima."

"Sasa kamba ndiyo inayolia? Chukua ngazi, panda, ipige na nyundo. Baba yangu aliwahi kuipiga na kiatu."

Watu wakacheka, na Garth, mtu asiyependa kuambiwa hawezi, akacheka nao. "Haya! Leteni ngazi!"

Ngazi ikaletwa, ikaegemezwa ukutani. Ilifika ukingo wa paa tu. Kutoka hapo hadi kwenye kijumba cha kengele ilikuwa kutambaa juu ya mawe bapa yenye kuvu, yanayoteleza kwa mvua. Garth akachomeka nyundo mkandani, akaanza kupanda. Mke wake akaita, "Garth, usijifanye paka!" na watu wakacheka tena. Thirza hakucheka. Akaona buti la kwanza linakanyaga paa. Akaliona linateleza, goti likigonga jiwe, na Garth akidaka ukingo kwa mkono mmoja. Kicheko kikakatika.

"Sijambo!" Garth akapiga kelele. "Naendelea!"

"Shuka!" Sauti ya Thirza ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Garth, shuka. Kamba ni nzima."

"Unasemaje?"

"Haijalika. Nilisema uongo. Shuka, nakuomba."

Manyunyu yaligonga makoti. Garth akashuka, kidato kwa kidato, akasimama mbele yake, goti limechanika, damu inaonekana.

"Dada, mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea." Akageuka kwa Enoch. Alikuwa ameyapanga maneno wiki nzima, marefu, yenye tamasha ndani yake na Bi Fanshawe na kicheko cha wanabendi. Yote yakamkimbia. "Nimezipiga tupa, Mzee. Ndimi. Ili zipatane na matarumbeta. Nikajaribu kuzirudisha, ule wa kengele ukakatika. Sikutaka usikie."

Enoch aliitazama konsatina. Mkono wake ulikuwa unatembea juu ya blanketi, vidole vinabonyeza vifungo visivyokuwepo.

"Garth," akasema. "Vuta kamba."

"Mzee, labda tuache mwaka..."

"Vuta."

Garth akaingia kanisani. Kengele ikalia mara moja, nyembamba, kali kidogo, kama ilivyolia siku zote.

"Piga," Enoch akamwambia Thirza.

Akabana mvukuto. Sauti ya konsatina ikapanda kukutana na mlio wa kengele, na zile mbili zikakataana hapo juu ya vichwa vya watu, zikitetemeshana, kama milango miwili iliyotengenezwa kwa fremu moja. Mtoto mmoja akaziba masikio. Mwanamke mzee kwenye ukuta, mwenye kisu cha jibini mkononi, akasema polepole, "Ai, jamani." Thirza akaacha mvukuto ufe.

Hakuna aliyemtukana. Angeshukuru kama wangemtukana. Wachezaji walisimama na panga zao wakiangalia chini, kama watu waliokuja harusini wakakuta msiba.

"Tena," Enoch akaita. "Garth! Vuta tena!"

Kengele ikalia. Na kabla mlio haujafa, Enoch akafungua mdomo wake usio na meno, akaudaka. La, la, la, kwa sauti iliyokwaruza kama bawaba kuukuu, lakini pale pale penyewe, pale alipopatanisha baba yake. Akaingia kwenye wimbo wa ngoma. Pumzi ikamwishia katikati, na mwanamke wa jibini akaupokea. Kisha mke wa Garth. Kisha uwanja mzima, la, la, la, wengine wakipiga makofi, wengine wakigonga mawe kwa buti. Garth akatoka mbio na goti lake bovu, akashika nafasi yake. Panga zikashikana, wanaume wakapita chini yake na juu yake, wakasukana, na mwisho wakazifunga zote sita zikawa nyota, na Garth akaiinua juu mvuani. Watu wakapiga kelele za furaha.

Thirza hakuimba. Si kwamba alikatazwa. Alijaribu, na sauti ikamgomea. Alisimama na konsatina imefungwa mkanda, akisikiliza kitu ambacho hakikumhitaji.

Baadaye, watu walipokuwa wanakula, Garth alipita akamwachia kipande cha keki chenye jibini juu yake, akaenda zake akichechemea. Kipande kile kilimuuma kuliko kofi. Akakibeba mpaka kwa Enoch, chini ya ukuta, akachuchumaa kando ya kiti chake.

"Nisamehe, Mzee."

Enoch akanyoosha mikono. Thirza akamwekea konsatina magotini. Mzee akabonyeza kifungo kimoja, kile cha ulimi wa kengele, akavuta kidogo tu.

"Huyu si wetu."

"Ametoka konsatina nyingine."

"Ana sauti nzuri. Mgeni, lakini ana adabu." Akabonyeza kingine, na kingine. "Baba yangu naye alikwangua, unajua."

"Najua. Nilijiambia hivyo hivyo."

"Yeye alikwangua ili ikae nyumbani." Hakuongeza. Akafunga mkanda taratibu, akiitazama mvua. "Kitendawili," akasema, bila ule mdundo wake.

"Tega, Mzee."

"Nilitoka kwa mama nikiijua sauti yake. Nimerudi, ananiita, nami najibu kwa lugha ya watu."

Thirza alilijua jibu. Alijua yako mawili: konsatina, na jingine lililokuwa limechuchumaa pale penye tope. "Nimeshindwa," akasema.

"Nipe mji."

"Chukua Arkenby."

"Hapana." Akamrudishia konsatina mapajani, kwa upole, kama anavyorudishwa mtoto aliyelala. "Arkenby ninayo. Umeisikia sasa hivi. Nipe London."

Maisha yao yote hakuwahi kuipokea.

"Chukua London, Mzee."

"Nimeipokea," Enoch akasema. Akachukua keki mkononi mwake, akaanza kuikata vipande vidogo kwa vidole vyake vilivyopinda, kimoja akala, kimoja akampa.

Kila apokeaye mji hutoa jibu. Thirza alitafuna, akasubiri. Wauguzi wakaja, wakamvika mzee kofia, wakamsukuma kuelekea gari, naye Thirza akamshikilia mkono mpaka mlango wa gari, bado akisubiri jibu.